Kujifunza Nyakati za Vitenzi vya Kiingereza kwa Kutumia Kiswahili Unachokijua

Katika miji ya Kisumu, Nakuru na Kakamega wako watu wengi waliosoma Kiingereza tangu darasa la kwanza, wanaokisikia redioni na ofisini kila siku, na ambao maneno hawayakosi, lakini wakiketi kuandika barua ya kuomba kazi hukwama mahali pamoja: hawajui waandike "I worked", "I have worked" au "I was working". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na kuvitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi; hata hivyo barua za kazi, fomu na mahojiano mengi bado huendeshwa kwa Kiingereza, kwa hiyo anayekwama hapo hupoteza nafasi aliyostahili kuipata. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayejisomea mwenyewe jioni baada ya kazi. Msimamo wangu ni kwamba Kiswahili chake hakimzuii hata kidogo. Ndicho chombo bora alicho nacho, mradi ajue ni wapi viambishi vyetu vinalingana na nyakati za Kiingereza na ni wapi vinaachana nazo.

Hatua ya kwanza: Yajue maumbo ya kitenzi kabla ya nyakati

Katika Kiswahili wakati hukaa ndani ya kitenzi chenyewe: -na-, -li-, -me- na -ta- huchomekwa, na mzizi haubadiliki. Kiingereza hakifanyi hivyo. Kitenzi chake kina maumbo machache, na kazi iliyobaki hufanywa na vitenzi visaidizi kama "be", "have", "do" na "will". Chukua kitenzi cha kuandika: "write", "writes", "writing", "wrote", "written". Hayo matano ndiyo yote, na kila wakati utakaousoma katika kitabu chochote umeundwa kwa mojawapo ya hayo, ama peke yake ama pamoja na kisaidizi. Vitenzi vya kawaida vina manne tu, kwa mfano "work", "works", "working" na "worked", kwa sababu umbo la wakati uliopita na lile linalofuata "have" ni moja.

Vitenzi visivyofuata kanuni ni takriban 200, na kwa bahati mbaya ndivyo vinavyotumika zaidi: vitenzi kumi vinavyojitokeza mara nyingi kuliko vyote katika Kiingereza, vikiwemo "be", "have", "do", "say", "go" na "see", vyote havifuati kanuni. Usivikariri kwa mpangilio wa alfabeti kama vinavyoorodheshwa nyuma ya kamusi. Vipange kwa ukoo. Wako wasiobadilika, "put, put, put" na "cut, cut, cut". Wako wa "buy, bought, bought", ambao ndugu zao ni "bring, brought", "teach, taught", "catch, caught" na "think, thought". Wako wa "sing, sang, sung", pamoja na "drink, drank, drunk" na "begin, began, begun". Wako wa "write, wrote, written", pamoja na "drive, drove, driven" na "ride, rode, ridden". Ukoo mmoja kwa juma unatosha, na kila kitenzi kiandikwe kwa maumbo yake matatu, kwa sababu anayejua "went" bila "gone" ndiye baadaye huandika "I have went".

Hatua ya pili: Itenganishe -na- na hu-

Kiambishi -na- hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenganisha. Mtu akikuuliza kwa simu, "Unafanya nini?", huenda anataka kujua umeshika nini mkononi wakati huo, akikuuliza swali hilo hilo mkiwa ndiyo kwanza mnajuana, anataka kujua kazi yako. Kwa Kiingereza swali la kwanza ni "What are you doing?" na la pili ni "What do you do?". Katika mahojiano ya kazi utaulizwa la pili.

Kipimo ni rahisi. Jaribu kuiweka hu- mahali pa -na-. Ikiwa "Mama anauza samaki Kibuye" inaweza kusemwa "Mama huuza samaki Kibuye" bila maana kupotea, basi ni jambo la kawaida, na Kiingereza kinataka umbo la peke yake: "My mother sells fish at Kibuye." Ikiwa hu- inakataa kwa sababu unazungumzia sasa hivi, au kipindi cha muda mfupi tu, basi tumia "be" pamoja na umbo la "-ing": "She is selling fish now, call her later."

Kuna vitenzi ambavyo kipimo hiki hakivifai, kwa sababu havielezi tendo bali hali ya akili au ya umiliki: "know", "want", "need", "believe", "understand", "own", "belong", na "have" inapomaanisha kuwa na kitu. Hivi havichukui "-ing" hata kama unazungumzia dakika hii. "I am having two children" na "I am not understanding" husikika sana katika miji yetu, na mwajiri makini huzigundua mara moja. Andika "I have two children" na "I do not understand".

Mambo mengine mawili hapa ni ya kufanyia mazoezi tu, hayahitaji maelezo marefu. Nafsi ya tatu umoja huchukua "-s": "he works", "the bus leaves". Na "do", "does" au "did" ikishatokea katika ukanusho au swali, kitenzi kinachofuata hurudi kwenye umbo lake tupu, kwa kuwa kisaidizi kimekwisha kuubeba wakati: "He does not work", "Did she go?", wala si "He does not works" au "Did she went?".

Hatua ya tatu: Ichunguze -me- kwa subira

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na anayepaelewa amekwisha kupata zaidi ya nusu ya anachokitafuta. Vitabu vya shule hufundisha kwamba -me- ni hali timilifu, ambayo kwa Kiingereza huitwa "present perfect" na huundwa kwa "have" au "has" pamoja na umbo la tatu. Fundisho hilo ni sahihi kwa sehemu tu. Katika mazungumzo yetu ya kila siku -me- hufanya kazi tatu tofauti, na kila moja ina jibu lake katika Kiingereza.

Kazi ya kwanza ni kueleza hali iliyopo. "Meneja amesimama mlangoni" haimaanishi kwamba amemaliza kusimama. Bado yupo pale. Kiingereza husema "The manager is standing at the door." Vivyo hivyo "Amevaa koti" ni "He is wearing a coat", "Nimechoka" ni "I am tired", "Mtoto amelala" ni "The child is sleeping", na "Mlango umefungwa" mara nyingi ni "The door is closed". Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, jiulize kama sentensi yako inajibu swali "Yuko katika hali gani sasa?". Ikiwa inalijibu, iache "have" na utumie "be".

Kazi ya pili ndiyo hali timilifu yenyewe: tendo limetokea wakati wowote kabla ya sasa, na kilicho muhimu ni kwamba limetokea na athari yake ipo. "Nimetuma barua" ni "I have sent the letter". "Nimefika Mombasa mara mbili" ni "I have been to Mombasa twice".

Kazi ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Tunaposema "Nimekuja jana" au "Nimemwona saa mbili asubuhi", tunaitumia -me- pamoja na wakati uliokwisha kufungwa, na msikilizaji haoni tatizo. Kiingereza cha kawaida hakiruhusu jambo hilo. Mara tu unapotaja wakati uliofungwa, yaani "yesterday", "last week", "in 2013", "at eight o'clock", "two days ago", ni lazima uiache "have" na utumie umbo la wakati uliopita: "I came yesterday", "I saw him at eight o'clock".

Utajuaje uko katika kazi ya pili au ya tatu? Ikanushe sentensi yako. Kiswahili, ambacho katika kukubali kinaiacha -me- ienee kote, katika kukanusha hutenganisha mambo kwa usafi mkubwa: kuna "sija-" na kuna "siku-". Kinyume cha "Nimetuma barua" ni "Sijatuma barua", kwa hiyo tumia "have": "I have sent", "I have not sent". Kinyume cha "Nimekuja jana" ni "Sikuja jana". Hakuna anayesema "Sijaja jana". Kwa hiyo tumia wakati uliopita: "I came", "I did not come". Nakusihi ukijaribu kipimo hiki kwa sentensi nyingi za maisha yako mwenyewe, kwa sababu sikio lako la Kiswahili halikosei juu ya "sija-" na "siku-", na litakuongoza pale ambapo kanuni za kitabu zimekutoka kichwani.

Sasa uone jambo moja likielezwa kwa nyakati mbili. Nakuru ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2021. Unaweza kuandika "Nakuru became a city in 2021", kwa sababu tendo la kuwa jiji lilitokea siku moja na mwaka wake umefungwa. Unaweza pia kuandika "Nakuru has been a city since 2021", kwa sababu hali hiyo ilianza mwaka huo na inaendelea hadi leo. Sentensi zote mbili ni sahihi. Kinachobadilika ni unachokitazama, kama ni siku ile au ni muda wote kuanzia pale hadi sasa. Usichoweza kuandika ni "Nakuru has become a city in 2021", ambayo inajaribu kuyashika yote mawili kwa pamoja, wala "Nakuru is a city since 2021".

Kosa hilo la mwisho linatokana na Kiswahili moja kwa moja. Sisi husema "Ninaishi Nakuru tangu mwaka 2013" kwa -na-, lakini Kiingereza kinapoona "since" au "for" yenye maana ya muda unaofika hadi sasa, hudai "have": "I have lived in Nakuru since 2013" au "I have been living in Nakuru since 2013". Kumbuka kwamba "since" hufuatwa na mahali muda ulipoanzia, kama vile mwaka au Jumatatu, na "for" hufuatwa na urefu wa muda, kama vile miezi sita.

Kuna neno la ziada kwa wale ambao lugha yao ya kwanza ni Kikalenjin, Gikuyu au mojawapo ya lugha za Waluhya. Lugha hizo hutenganisha yaliyopita leo, yaliyopita jana na yaliyopita zamani kwa viambishi tofauti, na msemaji wake hutarajia Kiingereza nacho kijali umbali. Hakijali. Basi lililoondoka dakika kumi zilizopita na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 huelezwa kwa wakati ule ule: "The bus left ten minutes ago", "The railway reached Kisumu in 1901". Wanaoongeza "had" ili kuonyesha kwamba jambo ni la zamani sana huwa wanatafsiri umbali ambao Kiingereza hakiuhesabu.

Hatua ya nne: Simulia kisa bila kuuacha wakati njiani

Kiswahili kikishaanza kisa kwa -li-, huendelea kwa -ka-: "Nilifika Kondele, nikashuka, nikanunua mkate, nikapanda tuktuk." Kwa kuwa -ka- haitaji wakati wake yenyewe, mwandishi akifika kwenye Kiingereza huona kwamba kitenzi cha kwanza kimetosha, na matokeo yake ni "I reached Kondele, get off, buy bread". Kila kitenzi cha kisa ni lazima kipewe umbo lake la wakati uliopita: "I reached Kondele, got off, bought bread and took a tuktuk."

Jambo lililokuwa likiendelea nyuma ya kisa huchukua "was" au "were" na "-ing": "It was raining when we reached Kericho." Na jambo lililokwisha kutokea kabla ya jingine la wakati uliopita, lile tunalolieleza kwa "alikuwa ameondoka", ndilo peke yake linalostahili "had": "When we got to the stage, the last matatu had left." Lazima pawepo matukio mawili, na "had" liende kwa lililotangulia. "I had gone to town yesterday" ikiandikwa peke yake, bila tukio la pili, isahihishwe kuwa "I went to town yesterday".

Hatua ya tano: Wakati ujao

Hapa pana jambo moja tu la kushikilia. Kiambishi -ta- kinalingana vizuri na "will", na mipango iliyokwisha kupangwa husemwa kwa "-ing" au "going to", kama katika "I am travelling to Eldoret on Friday". Lakini Kiswahili hurudia -ta- katika "Nitakapofika Kisumu nitakupigia simu", na Kiingereza hakirudii. Baada ya "when", "if", "before", "until" na "as soon as" zinazotaja wakati ujao, tumia wakati uliopo: "When I reach Kisumu, I will call you."

Hatua ya sita: Jizoeze kwa aya moja yenye sura tatu

Mazoezi ya kujaza nafasi, kama yale ya mtihani wa kidato cha nne, yana faida yake, lakini humzoeza mtu kuchagua katika sentensi za wengine. Ninapendekeza zoezi jingine, ambalo dakika 20 kwa siku zinalitosha. Andika aya fupi kuhusu kazi unayoijua, kwanza kama jambo la kila siku:

"Every morning Achieng goes to Dunga beach. She buys fish from the fishermen, puts it in a basin and carries it to the market. She does not sell on credit."

Kisha iandike upya kama jambo la jana:

"Yesterday morning Achieng went to Dunga beach. She bought fish from the fishermen, put it in a basin and carried it to the market. She did not sell on credit."

Kisha iandike kama hesabu ya juma hili ambalo halijaisha:

"This week Achieng has gone to Dunga beach four times. She has bought fish from the fishermen and carried it to the market. She has not sold on credit."

Angalia mambo ambayo sura ya pili na ya tatu zimekulazimisha kuyafanya. "Goes" imekuwa "went" na "has gone". "Put" haikubadilika, ila imepoteza "-s". Ukanusho umepita kutoka "does not" hadi "did not" hadi "has not", na katika mbili za kwanza "sell" imebaki tupu. Aya ya maneno machache imegusa mambo mengi ya hatua zilizotangulia. Fundi wa pikipiki aandike kuhusu gereji yake, karani kuhusu ofisi yake, na mkulima wa Trans Nzoia kuhusu mahindi yake. Maneno ya kazi yako ndiyo utakayoulizwa siku ya mahojiano.

Baada ya kuandika, soma kwa sauti, na usikilize miisho ya "-ed". Katika "asked", "washed" na "stopped" husikika kama "t". Katika "called", "opened" na "cleaned" husikika kama "d". Na ni katika "wanted", "needed" na vingine vinavyoishia kwa "t" au "d" tu ndipo huongeza silabi kamili. Kwa kuwa silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu, ulimi huelekea kuuangusha mwisho huo, na msikilizaji akasikia "I work there" mahali pa "I worked there". Dawa ni kuuunganisha na neno linaloanza kwa irabu: "washed it", "opened it", "asked us".

Kwa upande wa kusikiliza, taarifa ya habari ya Kiingereza redioni ni mwalimu mzuri. Mara nyingi msomaji huanza kwa "have", kwa kuwa habari ni mpya na wakati haujatajwa, kisha huingia katika maelezo kwa wakati uliopita: "The governor has opened a new market. He told traders that..." Andika vitenzi viwili vya kwanza vya kila habari, utauona mpangilio huo ukijirudia. Vichwa vya magazeti usivifuate, kwa sababu vina desturi yao ya kuandika yaliyopita kwa wakati uliopo: "Governor opens market". Na ukitazama filamu za Marekani utasikia "I just ate" pale ambapo shule zetu, zinazofuata desturi ya Uingereza, hufundisha "I have just eaten". Si kosa kwao, lakini katika mtihani na barua rasmi hapa Kenya shikilia ya pili.

Hatua ya saba: Ipeleke kwenye barua ya kazi

Katika barua ya kuomba kazi wakati wa kitenzi ni taarifa kamili kwa mwajiri. Ukiandika "I have worked as a cashier in Nakuru for three years", ataelewa kwamba hadi leo uko kwenye kazi hiyo, na huenda akataka kuzungumza na msimamizi wako wa sasa. Ukiandika "I worked as a cashier in Nakuru for three years", ataelewa kwamba uliiacha, na atakuuliza kwa nini. Aliyeacha kazi mwaka 2019 na kuandika "have worked" ataonekana amedanganya hata kama hakukusudia.

Kwa hiyo, rasimu ikishakamilika, chukua kalamu ya rangi nyingine na upige mstari chini ya kila kitenzi. Zungushia duara kila neno la wakati: mwaka, "since", "for", "ago", "now". Kisha pitia sentensi moja moja. Penye wakati uliofungwa, hakikisha hakuna "have". Penye "since", hakikisha ipo. Penye "did" au "does", hakikisha kitenzi kinachofuata ni kitupu. Pasipo na neno lolote la wakati, itafsiri sentensi kwa Kiswahili, uikanushe, na usikilize kama ulimi wako unasema "sija-" au "siku-". Mwombe mwenzako aisome, si kwa kumuuliza kama barua ni nzuri, bali kwa kumuuliza swali moja: "Kwa barua hii, kazi ipi niliacha na ipi bado ninaifanya?" Akijibu sawasawa, nakili barua yako safi na uipeleke.